Nani akwangue kioo? Walaji wa mwani watano wa kuishi na sikilidi

Kioo cha mbele kikishavaa kijani, ushauri wa kwanza utakaopewa dukani ni huu: chukua samaki wa kusafisha. Utafungiwa mmoja mwenye urefu wa kidole, ameganda kwa mdomo ubavuni mwa mfuko, nawe utaondoka umeridhika. Muuzaji hatakuuliza ni nani tayari anaishi ndani ya tangi lako, na hilo ndilo swali lenyewe.

Sikilidi ni ukoo wa perege na sato tunaowala, na wa furu wa Ziwa Viktoria. Aliyewahi kukaa ukingoni mwa bwawa la perege wakati wa kuzaliana anaijua tabia ya ukoo mzima: dume huchimba kiwanja chake, na anayekanyaga hapo hafukuzwi kwa adabu. Mimi nina tangi la lita 240, sentimita 120 kwa 40 kwa 50, kazi ya fundi wa vioo wa mtaani, na wenyeji wake ni mbuna, sikilidi wa kwenye mawe wa Ziwa Nyasa. Baadhi ya samaki nitakaowataja nimewafuga mwenyewe, wengine nimewaangalia kwa wenzangu, na mmoja nilimtoa usiku wa manane nikiwa na hasira.

Nikisema mwani simaanishi ule wa baharini wanaoulima kina mama wa Paje, Zanzibar. Namaanisha utando wa kwenye kioo na mawe, nao una sura nyingi. Tangi jipya huota vumbi la kahawia. Baadaye huja madoa ya kijani yaliyogandia kioo, nywele za kijani juu ya mawe, na ule mweusi wa manyoya mafupi kama ndevu unaopenda mdomo wa bomba la chujio. Kuna pia maji yenyewe kugeuka kijani kama yamechemshiwa mchicha, na utelezi wa buluu-kijani unaonuka na kubanduka kama ngozi. Hivi viwili vya mwisho viondoe kwenye hesabu mapema. Hakuna samaki hata mmoja humu atakayevimaliza.

Vipimo nitakavyotumia

Kila samaki nimempima kwa mambo matano: atafika urefu gani akikomaa, anataka maji gani, anakula mwani upi hasa, atastahimili vipi ubabe wa sikilidi (au yeye mwenyewe ndiye atakuwa mbabe), na gharama yake ya kila siku, yaani chakula cha ziada na taka.

Lakini vipimo hivyo havina maana kabla hujajua sikilidi wako ni wa wapi. Wa Ziwa Nyasa wamezoea maji magumu yenye pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya 7.7 hadi 8.6 hivi, na wa Ziwa Tanganyika huishi karibu na 9. Wa Amazon na Orinoco, kama samaki malaika na ramirezi, asili yao ni maji laini, na pH yao mara nyingi huwa chini ya 7. Halafu kuna mabwana wakubwa kama Oscar, ambao huvuka sentimita 30 na kumeza chochote kinachoenea mdomoni. Haya ni makabila matatu yasiyoweza kupangiwa mgeni mmoja.

Pleko mwenye ndevu (Ancistrus)

Huyu ni kambare mdogo wa Amerika Kusini mwenye mdomo wa kunyonya, na madume huota vinyama kama ndevu juu ya pua. Hukomea sentimita 12 hadi 15, urefu unaovumilika kwenye tangi la kawaida la sebuleni. Asili yake ni mito ya maji laini, ila wengi wa madukani wamezaliwa matangini kwa vizazi vingi na wamezoea mengi: kuanzia pH 6.5 hadi 8 na kidogo juu yake huishi bila matata, mradi umzoeshe polepole.

Kazini ni hodari wa vumbi la kahawia na utando laini wa kijani. Kwenye madoa magumu ya kioo hujitahidi. Ule mweusi wa ndevu hataugusa.

Nguvu yake kubwa mbele ya mbuna ni deraya. Mwili umefunikwa vibamba vya mfupa, na mashavuni ana miiba anayoichomoa akibanwa. Mbuna humgonga mara mbili tatu, hukuta hakuna nyama, humwacha. Lakini deraya haifuniki macho wala mapezi. Ukimleta akiwa na sentimita tatu kwenye tangi lenye mbuna waliokomaa, ataishi kwa kuchunwa. Mimi hununua wa sentimita sita au saba, na kabla hajaingia namwekea pango lake mwenyewe: kipande cha bomba au kigae kilichopinda, chembamba kiasi kwamba mbuna mnene hapiti. Bila pango atashinda nyuma ya hita, na siku moja utamkuta ameungua ubavu.

Mchana utasahau kama unaye. Usiku taa ikishazimwa na nyumba ikatulia, washa tochi ya simu uangalie jiwe la katikati. Utamwona anateleza kwa kurudi nyuma na mbele, mdomo unacheza kama mtu anayefikicha sufuria kwa jivu, na nyuma yake jiwe linabaki na mistari misafi. Kinyesi chake ni nyuzi ndefu, na asubuhi utazikuta nyingi. Kwa hiyo pamoja na kusafisha, naye anachafua.

Mwani wa tangini haumtoshi. Mpe kipande cha tango au mchicha uliopitishwa kwenye maji ya moto, umefungwa kwenye uma ili uzame, na uweke baada ya taa kuzimwa. Ukiweka mchana mbuna watamaliza na kumwachia uma. Kipande cha gogo hupenda kukikwangua, lakini gogo hushusha pH kidogo kidogo, kwa hiyo mwenye samaki wa Nyasa aweke dogo na alisawazishe kwa mawe ya chokaa.

Jambo moja kwa sisi tunaokatikiwa umeme: pampu ikilala kwa saa nyingi, huyu huweza kupanda juu, kugugumia hewa na kuitumia tumboni. Mbuna wako hawana kipaji hicho.

Anawafaa wenye mbuna, wenye samaki malaika, na karibu kila mwenye tangi la lita 100 kwenda juu lenye mapango. Kwa mwenye Oscar aliyekomaa, naona ni kucheza kamari.

Pleko mkubwa (Pterygoplichthys)

Dukani huyu na yule wa kwanza wanaweza kuwa ndoo moja, bei moja. Tazama pezi la mgongoni: la mkubwa ni refu na pana kama tanga la jahazi, na mwili una madoa kama ya chui. Akiwa mdogo hufanya kazi ileile, pengine kwa haraka zaidi.

Tatizo ni kwamba hakomi. Sentimita 40 si ajabu. Jamaa yangu alimweka wake kwenye lita 200, na nilipompima kwa rula kupitia kioo alikuwa ameshafika 31, akigeuka hadi mawe yanaanguka. Kwa umri huo hamu ya mwani hupungua, anasubiri vidonge na mabaki. Taka zake ni za samaki mkubwa: chujio la kawaida litazidiwa, na mbolea inayobaki majini italisha mwani uleule uliomnunulia.

Kwa maji si mchaguzi. Kwa ubabe anajimudu, na hapa ndipo penye haki yake: kwenye tangi la lita 500 lenye Oscar, ni mmoja wa wachache wasiomezeka wala kutishika. Huyo ndiye mwenzake wa kweli. Ila kwa samaki bapa na wapole, mfano diskasi, ana tabia ya kuwakwangua ubavuni usiku wanapolala, hasa akiwa na njaa. Anamfaa mwenye tangi kubwa kweli, mwenye chujio la nguvu na subira ya kuishi naye miaka mingi.

Mla mwani wa Siam (Crossocheilus)

Mwembamba, wa kijivu, na ana mstari mweusi mmoja kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia. Mstari ukiishia kabla ya pezi la mkia, au ukiona mwingine wa dhahabu juu yake, umeshika mwingine. Yule wa mstari wa dhahabu ni Epalzeorhynchos, anayegombea kiwanja na asiyejali mwani mweusi.

Sifa moja tu inatosha kumfanya atafutwe: anakula ule mweusi wa ndevu, ambao karibu kila samaki mwingine huupita. Nywele za kijani pia anazipunguza. Kioo si kazi yake sana, hana mdomo wa kunyonya, huegemea mapezi juu ya jani au jiwe na kuchuna. Akizoea chakula cha kopo huwa mvivu, kwa hiyo anayemtaka afanye kazi ampunje kidogo.

Anafika sentimita 12 hadi 15, na hupenda kuwa na wenzake. Asili yake ni mito ya Asia ya Kusini-Mashariki. pH ya 6.5 hadi 7.5 ndiyo nyumbani. Kwenye maji ya Nyasa anaweza kuishi, lakini unamvuta nje ya pale anapopenda, na ya Tanganyika nisingemwingiza kabisa. Mbio anazo, mbuna hawamkamati kirahisi. Shida ni kwamba kukimbizwa kutwa kunamchosha, na ana tabia ya kuruka: tangi lisilo na kifuniko utamkuta asubuhi sakafuni, amekauka kama dagaa.

Kwa samaki malaika, ramirezi na kribensis wa Afrika Magharibi, hasa kwenye tangi lenye mimea hai, sijaona wa kumpita. Uchafu wake ni mdogo na gharama yake haba.

Mla mwani wa China (Gyrinocheilus aymonieri)

Jina linadanganya: makazi yake ni mito ya Thailand, Laos, Kambodia na majirani, Mekong ukiwemo. Kuna wa kahawia na kuna wa dhahabu, na yule wa dhahabu ndiye anayewapumbaza watu kwa uzuri.

Tumtendee haki. Akiwa na sentimita tano hadi nane ni mfanyakazi kuliko pleko: anakula mchana kweupe, kioo anakimaliza mwenyewe. Ana tundu la ziada juu ya shavu la kuvutia maji, kwa hiyo hupumua bila kuachia mdomo. Maji ya aina nyingi anayavumilia, magumu na laini. Bei yake huwa ndogo, na chakula hakimsumbui.

Kisha anakua. Anaweza kufika sentimita 25 na zaidi, na kadiri anavyorefuka ndivyo mwani unavyomwishia utamu. Anaanza kula cha wengine, anajitwalia chini yote ya tangi, na baadhi yao hugundua kwamba ute wa ngozi ya samaki nao unalika. Wangu alikaa mwaka mzima kwa heshima. Nikaanza kuona jike langu la manjano lina doa jekundu ubavuni, dogo kama punje ya mchele, nikadhani ni ugomvi wa mbuna. Usiku mmoja niliwasha tochi nikamkuta amemgandia palepale, jike limelala pembeni mwa jiwe linahema. Nilimtoa kwa wavu saa saba usiku, maji yakamwagika hadi kwenye zulia.

Wapo wanaoishi naye na mbuna wakubwa bila kisa, kwa sababu mbuna wana mbio na hawakubali kugandiwa. Kwa samaki malaika au diskasi, wanaoelea taratibu na ubavu mpana, usijaribu. Anamfaa mtu mwenye tangi kubwa la samaki wepesi, anayejua mapema atampeleka wapi akifika sentimita 12.

Sikilidi wenyewe

Hili chaguo halina faida kwa muuzaji, pengine ndiyo maana halitajwi. Mbuna ni walaji wa mwani. Neno lenyewe ni la Kitonga cha kando ya Ziwa Nyasa, na kule Mbamba Bay ukizama karibu na mawe kwa miwani utawaona wamejipanga wakichuna jabali kutwa nzima. Labeotropheus fuelleborni, aliyepewa jina la daktari Mjerumani aliyekusanya samaki wa ziwa hilo enzi za ukoloni, ana pua iliyoning'inia juu ya mdomo. Mdomo uko chini kabisa, hivyo anakwangua jiwe akiwa amelala sambamba nalo, hahitaji kusimama kichwa chini kama wenzake. Tanganyika wana Tropheus, wa kazi hiyohiyo, na watoto wa Tropheus duboisi ni weusi wenye vidoadoa vyeupe kama usiku wa nyota.

Kwa maji hakuna hoja, ni ya kwao. Ukubwa wa wengi ni sentimita 12 hadi 15. Kazini wanamaliza nywele za kijani kabisa: juu ya mawe yangu sijaziona tangu nilipoingiza Labeotropheus wanne. Wanachoacha ni zulia fupi la kijani lisilopungua, na kioo hawakitendei haki. Ubabe ndio bei yake. Hawa si wageni wanaohitaji kulindwa, ni wapiganaji wengine unaowaongeza, kwa hiyo unahitaji dume mmoja kwa majike kadhaa. Tropheus ndio kabisa: hufugwa kundi la kumi na mbili au zaidi, la sivyo mnyonge hupigwa hadi afe, akifuatiwa na mnyonge mwingine.

Chakula chao kinataka nidhamu. Utumbo wao ni mrefu, wa mla majani. Ukiwashindilia minyoo na vyakula vya nyama wanapata ugonjwa wa kuvimba tumbo, na ukishauona umechelewa. Mimi huwapa chembe za spirulina (chakula cha mwani) kidogo, na siku moja kwa wiki siwapi kitu. Siku hiyo mawe yanang'aa.

Wanamfaa mwenye tangi la Nyasa au Tanganyika anayekubali kwamba jabali la kijani ni pambo. Mwenye samaki malaika asiwasogelee.

Wengine wanaotajwa

Otocinclus, wa sentimita nne, ni mtamu wa kumtazama na kwa mbuna au Oscar ni kitafunwa. Kwa ramirezi watulivu anaweza kukaa. Konokono wa nerita hupenda maji magumu na hazaliani kwenye maji yasiyo na chumvi, lakini sikilidi wengi humdonoa pembe. Ngogo wa Tanganyika, Synodontis multipunctatus, husifiwa kama msafishaji wakati mwani haumhusu. Umaarufu wake ni mwingine: huchanganya mayai yake na ya sikilidi wanaolea mdomoni, mama anayaokota bila kujua, na vifaranga vya ngogo huanguliwa kwanza na kuwala wana wa mwenye mdomo.

Kulingana na hali yako

Una mbuna kwenye lita 200 hadi 300, kero yako ni kioo na vumbi: pleko mwenye ndevu mmoja wa sentimita sita, pango lake, tango lake la usiku. Kioo cha mbele kipitie mwenyewe kila Jumamosi kwa kadi ya benki iliyoisha muda. Ni dakika tano.

Una mbuna na kero ni nywele za kijani mawe yote: kabla ya kununua, punguza chakula nusu kwa wiki mbili na taa isizidi saa nane kwa siku. Kama unao walaji halisi wa mwani humo, watafanya. Kama ulionao ni wale wa kula wadudu, kundi dogo la Labeotropheus litakufaa kuliko mgeni wa nje.

Una samaki malaika au kribensis, mimea hai, na ndevu nyeusi kwenye majani: Siam watatu, na kifuniko kisichoacha mwanya.

Una Oscar kwenye tangi kubwa: pleko mkubwa, ukishaongeza nguvu ya chujio. Kwenye lita 200 jibu ni sponji na mkono wako.

Tayari unaye pleko wa sentimita 30 au wa China aliyeshaonja ngozi ya wenzake: mtafutie mwenye tangi kubwa, au mrudishe dukani hata bure. Usimmwage mtoni wala bwawani. Pleko hawa wameshaenea kwenye maji ya pori Florida, Mexico na Ufilipino, na huchimba mashimo kwenye kingo za mito kwa ajili ya mayai yao.

Una maji ya kijani: sogeza tangi mbali na dirisha au shusha pazia, na ubadilishe robo ya maji kila wiki. Maji ya bomba yalaze usiku mzima na jiwe la hewa, klorini itoke.

Una tangi la wiki tatu lililojaa vumbi la kahawia: usinunue yeyote bado. Tangi halijakomaa, mgeni atakufa kwa amonia, sumu itokayo kwenye taka za samaki, na vumbi hilo kwa kawaida hupungua lenyewe. Rudi dukani mwezi wa tatu, na uende na rula.